Lemayan na Kozi za Mwenzake

Asubuhi moja ya likizo Lemayan alifungua zizi, akawatoa ng'ombe wa baba yake kwenda malishoni, nje ya Kimamba. Alikuwa mwanafunzi wa hisabati, mwaka wa kwanza chuo kikuu, na alikuwa amefeli kozi mbili. Akifeli tena mitihani ya marudio, atafukuzwa.

Majirani walikwisha kutoa hukumu. Walisema hisabati ya chuo si ya watoto wa wafugaji. Mmoja alimwuliza kama bado anaweza kuhesabu ng'ombe. Lemayan aliendelea kuswaga ng'ombe. Sekondari hakuna aliyempita kwa hesabu.

Kesho yake baba yake, mzee Saitabau, alivaa koti la mtumba juu ya shuka, akampeleka Magomeni, Kilosa, kwa Mwalimu Costancia, aliyemfundisha hesabu sekondari.

"Shikamoo, Mwalimu," Lemayan alisema.

"Marahaba, Lemayan. Karibu, mzee."

"Nataka ukweli, Mwalimu," mzee alisema. "Arudi chuoni, au arudi kwa ng'ombe?"

Mwalimu alimwuliza Lemayan amefeli nini. Alimtajia: uchambuzi wa hisabati na aljebra dhahania.

"Zote mbili kwa pamoja? Nani alikuchagulia?"

"Nilimfuata Ngoitiko. Ni wa rika langu."

Kwao Wamaasai, morani hanywi maziwa peke yake. Humsubiri mwenzake wa rika. Lemayan aliona na kozi ni hivyo hivyo. Lakini Ngoitiko alikuwa mwaka wa pili.

Uso wa Mwalimu ukabadilika. "Ngoitiko naye nilimfundisha. Chuoni alianza na kalkulasi, mwaka mzima. Wewe uliisoma lini?"

"Sijaisoma."

"Karani aliyekuandikisha hakukuuliza?"

"Aligonga mhuri tu."

"Mhuri tu. Halafu wanasema mtoto wa mfugaji hana kichwa."

Alieleza polepole, ili mzee naye afuate. Kabla ya kuchagua kozi, uliza inajengwa juu ya kozi gani. Zipo kozi za uthibitisho, kama hizo zako mbili, ambazo kila mstari lazima uutetee. Ukiwa mgeni, usibebe mbili kwa mpigo. Chukua moja, uiweke pamoja na kozi ya kukokotoa, kama takwimu. Na zipo zinazosaidiana, kama kalkulasi ya vigeu vingi na aljebra ya mstari. Hizo zisome pamoja.

Mzee Saitabau alitikisa kichwa. "Kumbe ndama alipelekwa malisho ya mbali pamoja na ng'ombe wakubwa."

"Ndiyo, mzee. Na alipochoka, tukamcheka."

Likizo yote Lemayan alikwenda Magomeni. Mwalimu alimrudisha kwanza kwenye msingi, yaani kalkulasi, kisha wakaingia kwenye zile kozi mbili. Aliporudia mitihani, alifaulu yote.

Siku ya kujiandikisha mwaka wa pili, Ngoitiko alimwita kwenye foleni yake.

"Chakula tutakula pamoja, kama kawaida," Lemayan alimwambia. "Darasani kila mtu na njia yake."

Alichagua kalkulasi ya vigeu vingi, aljebra ya mstari na takwimu. Karani akanyanyua mhuri bila kumtazama.

"Ngoja, kaka," Lemayan alisema, akaweka mkono mahali pa mhuri. "Niulize kwanza nimesoma nini kabla ya hizi."

Karani alikunja uso. Mwishowe akauliza, na Lemayan akamjibu moja baada ya nyingine. Mhuri ukagongwa.

Nyuma yake alikuwa msichana wa mwaka wa kwanza. Lemayan hakuondoka dirishani mpaka aliposikia karani anamwuliza na yeye.