Sikio Lililolala Barafuni

Sikio la kushoto la fundi bati lilianza kusikia kabla bandeji haijafunguliwa, na liliyoyasikia hayakutoka wodini.

Ukingo wa bati ndio uliolifyeka. Mwenzake kazini alilifunga kwa kitambaa kibichi, akalitia kwenye mfuko wa plastiki juu ya barafu, wakakimbilia hospitali. Daktari wa upasuaji aliinamia darubini kutwa nzima, akiunga vimishipa kwa uzi mwembamba kuliko unywele, kisha akabandika ruba wanyonye damu iliyotuama. Sikio likapata joto.

"Limeshika," akasema, hoi kwa uchovu.

Fundi akarudi kwake. Nyumba ilikuwa kimya tangu dada yake, aliyeishi naye miaka yote, aolewe mbali. Akaketi kula. Mara akasikia mtu akitafuna upande wa kushoto, polepole, fundi akisita naye anasita, fundi akimeza naye anameza, na alipogeuka hapakuwa na kitu ila ukuta, lakini harufu ya damu iliyolala ilimjaa puani na pumzi baridi ikampuliza shingoni kama ya mtu aliyeinama kumwambia siri.

"Nani?" akanong'ona.

"Sikio lilikuwa baridi, halina mwenyewe. Nikaingia."

Daktari alipima, akasema mishipa ya fahamu inajiunga, atazoea. Dada yake aliposikia sauti ya kaka yake kwenye simu hakungoja. Alikuja na mganga.

Mganga akafukiza, akasoma hadi jasho likamtiririka. Sauti ikamwambia fundi peke yake, "Nikitoka, utaongea na nani?"

Fundi akainamisha kichwa.

"Mfukuze, kaka," dada akamsihi kwa sauti ya chini. "Lazima useme mwenyewe."

"Toka," fundi akasema.

Kitu cha moto kikamchuruzika kutoka sikioni hadi shavuni. Harufu ikakatika. Kesho yake dada akarudi kwa mumewe.

 Fundi alipika, akapakua, akala akisikia meno yake mwenyewe tu. Mchana mmoja mvua ikinyesha, akaweka kijiko chini.

"Upo?" akauliza.

Sikio la kushoto halikujibu. Akajicheka, machozi yakimlenga. Ndipo kwenye lile la kulia, ambalo hakuna bati wala sindano iliyowahi kuligusa, mtu akashusha pumzi.

"Nipo. Sogea kidogo, nikae."