Malaika Aliyezidi Uzito

Asubuhi ile kanisani walikuwepo mchungaji, seremala waliyemwita Bisibisi, mama kijana aliyempakata mwanawe mchanga, na shangazi wa mama huyo. Walikuja kumjaribu malaika kabla ya ubatizo.

Malaika huyo alichongwa kwa mti, ameshika bakuli la maji ya ubatizo. Alining'inia kwa kamba iliyopita kwenye gurudumu dogo la kapi, na juu ya dari jiwe lilisawazisha uzito wake. Ukimvuta kwa kidole, anashuka, ukimsukuma, anapanda. Jiwe la zamani lilipopasuka, Bisibisi aliokota jingine nyuma ya kanisa, akalifunga.

Walipoingia, malaika alikuwa ameshashuka.

"Jana nilimwacha juu," Bisibisi alinong'ona. "Haki ya Mungu."

"Amechoka kuning'inia," shangazi alitania. "Hata mimi ningeshuka."

Shangazi alikunja shali yake, akaitandika kwenye benchi ili mama asikalie ubao wa baridi. Mama aliuona wema huo, ila haukumgusa. Tangu ajifungue, moyo wake ulikuwa kama mguu uliokufa ganzi.

Bisibisi alimsukuma malaika. Akapanda, kisha akashuka taratibu, chini kuliko mwanzo. Bakuli lilikuwa tupu, lakini lilinuka tope.

"Shangazi," mama alisema, kama anayeomba chumvi, "mtoto amekuwa mwepesi."

Shangazi alimpokea, akamwinua kwa kiganja kimoja.

"Jiwe umelitoa wapi, baba?" mchungaji aliuliza kwa sauti ya chini.

"Kwenye kile kisima kilichofukiwa, hapo nyuma."

"Ee Bwana! Lina mwenyewe lile. Kisima kilifukiwa kwa sababu ya jini. Panda ukakate kamba!"

Bisibisi akapanda ngazi mbio, akakata, wakasikia jiwe likidunda juu ya dari, lakini malaika hakuanguka, alibaki palepale hewani bila kamba, na ndani ya mti wa malaika ikasikika sauti ya kunyonya, kama ya mtoto mwenye njaa, ingawa midomo ya mtoto mikononi mwa shangazi ilikuwa imefumbwa, na mama, akijua kwamba hapa mtu hupiga yowe, akalitafuta yowe ndani yake asilipate, basi akainuka akamwendea malaika.

Alimshika malaika mabegani, kama anayemtua mwenzake mtungi.

"Shuka upumzike," alisema. "Lakini huyu ni wangu. Nimemzaa mimi."

Akamlaza malaika sakafuni. Kunyonya kukakoma. Mtoto akalia, na shangazi, aliyekuwa amembeba kama kitambaa, akapiga magoti kwa uzito.

Jiwe lilirudishwa kisimani siku hiyohiyo, mchungaji akaomba juu yake.

Mtoto alibatizwa Jumapili iliyofuata, kwa maji ya beseni. Ilibidi watu wazima wawili wasaidiane kumnyanyua.