Mtaro Uliofukiwa

Thaddée, mwenyekiti wa kamati ya maji ya Makobola, alilala kifudifudi ndani ya mtaro wa bomba, kisogo kimepasuliwa kwa jembe. Pigo la kwanza lingetosha. Yaliyofuata yalikuwa ya hasira tupu.

Inspekta Riziki hakupata hata nafasi ya kuchunguza majeraha. Umati ulikuwa umemfunga Protais kwenye mchikichi kwa kamba ya nyavu. Uso wake ulikuwa umevimba, damu ikimchuruzika kidevuni, na tayari mtu alikuwa akimmwagia petroli.

"Njo yeye!" walifoka. "Mu mkutano alisema bomba ikipita mu shamba yake, atamukata Thaddée!"

Riziki alifyatua risasi hewani. Wakarudi nyuma hatua moja, lakini mwenye petroli hakurudisha kiberiti mfukoni.

Riziki alimjua Protais. Debe tupu haliachi kuvuma, ila haliui mtu. Lakini kusema hivyo kusingemwokoa.

Akarudi mtaroni haraka. Karibu na maiti, kipande kifupi cha mtaro kilikuwa kimefukiwa tena na kushindiliwa kwa viganja. Alama za vidole zilionekana, na juu yake kulikuwa na kikombe kidogo cha plastiki kilichopinduliwa. Muuaji gani huyu, badala ya kukimbia, anakaa kufukia udongo? Riziki alipima urefu wa kile kipande kwa macho: hakikuzidi kimo cha mtoto.

"Kijiji chote kilikubali bomba ipite hapa?" aliuuliza umati.

"Chote, Mama Inspekta. Mkutano ilikuwa ya kila muntu," mwanamume mmoja alijibu.

"Na wanawake?"

"Walikuwa wanapikia wenye mkutano."

Riziki aliwageukia wanawake. Mmoja, Georgette, alificha mikono ndani ya kitenge.

"Mama, nionyeshe mikono."

Kucha zilijaa udongo. Damu ilikuwa imekauka kwenye mikunjo ya viganja.

"Mumuache Protais," alisema Georgette. "Ni minye nilimuua."

"Kwa nini?"

"Aline wangu alikufa na kolera. Tulimuzika hapa mbio mbio, bila kilio. Jana jioni nilikuta Thaddée anachimba, mifupa ya mutoto iko inje. Nikamuambia, huyu ni wangu. Akasema, mkutano ilishaamua, weye ulikuwa wapi?" Aliunyoshea mwili wa Thaddée kidole. "Nilikuwa namupikia samaki ya ndagala! Alikula, akaomba ingine. Nikamunyang'anya jembe. Kisha nikamufunika tena Aline, nikamuwekea kikombe yake."

Georgette alifungwa pingu. Mtu akaikata kamba ya Protais, naye akaanguka chini kama gunia.

"Sasa bomba itapita wapi?" mwanamume mmoja aliuliza kwa sauti ndogo.

Wote walimtazama Georgette. Kwa mara ya kwanza, walingoja aseme.

"Muizungushe pale kando," alisema. "Watoto wenu wakunywe."