Lenzi Aliyoikataa Mejumaa

"Kwa hiyo hutaitumia?" Sheikhan aliuliza, amesimama mlangoni mwetu, mtaani Kuze.

"Kwenye kupamba kwa dada yako, hapana," mjukuu wangu Mejumaa, mpiga picha wa harusi, akajibu. "Nitatumia yangu ya zamani."

Lenzi mpya ilikuwa mezani. Sheikhan, mchumba wake, aliileta kutoka Dubai mwaka ule wa 1994, alipokuja kwa harusi ya dadake Mwanakombo. Ilikuwa ya zum: unasimama pale pale, unazungusha, aliye mbali anakuja karibu. Ile ya Mejumaa haikuvuta kitu. Akitaka sura ya mtu, lazima amwendee. Lakini jicho la lenzi hiyo lilikuwa pana, mwanga wa dirisha ukalitosha. Zum, ndani ya nyumba, ilitaka flashi.

"Mama ameshawaambia wageni wote kuwa utapiga kwa lenzi ya Dubai. Nipe sababu moja."

Mejumaa akasema hawezi.

"Basi sema hunitaki. Usiisingizie lenzi."

"Sijasema hivyo."

"Nimesema mimi. Posa nimeivunja."

Akashuka ngazi. Mejumaa hakukaa tena. Alifungua mkoba wa kamera, akaufunga, akaenda dirishani, akarudi. Chai niliyompa ilipoa. Kesho yake adhuhuri akavaa buibui, tukaenda kwenye kupamba, kazini kwake.

Ukumbi ulijaa wanawake waliokuja kumtazama bibi harusi akiwa amepambwa. Alipita katikati yao akiomba radhi kila hatua, macho mekundu, akapiga picha zake bila kumulika mtu. Habari za posa zilikuwa zimeshafika. Mwanakombo alipozisikia aliinuka na hina yake na asumini zake, akaenda kwenye simu ya ukumbini, akampigia Sheikhan. Mimi nilikuwa nimekaa kando ya simu, nikisikia hata sauti ya upande wa pili.

"Kaka, lenzi yako inataka flashi."

Sheikhan akauliza flashi ina ubaya gani.

"Inaniangusha. Kifafa kimenirudia tangu mwaka jana. Mume wangu anajua, mama hajui, angeiahirisha harusi. Nilianguka kwenye harusi ya watu, mpiga picha akimulika. Mejumaa alinifunika kwa leso yake, akawaambia watu ni joto. Nikamwapisha asimwambie mtu, hata wewe."

Sheikhan akaomba apewe Mejumaa.

"Ulikuwa radhi unikose kuliko kuniambia?"

"Nilimwahidi dadako."

"Nisamehe. Nilikuhukumu bila kujua."

"Nimekusamehe."

"Basi tuendelee kama juzi."

"Hapana, Sheikhan. Posa uliivunja mbele ya nyanya yangu. Ukiitaka, njoo upose upya, mbele yake."

Mejumaa akakata simu, akarudi kwa bibi harusi, akainua kamera.

Ijumaa baada ya sala Sheikhan alikuja na ami zake wawili. Aliniuliza mimi kama naridhika. Nikamwambia amuulize mwenyewe. Akamuuliza. Mejumaa akawamiminia wazee kahawa, akamwacha angoje mpaka kikombe cha pili, ndipo akasema ndiyo.