Roho Mbili, Nakabidhi

Enyi mlioketi na mlioegemea mlangoni, wakubwa kwa vyeo vyenu na wadogo kwa adabu zenu, nawasalimu nyote kabla sijafungua kinywa kwa jambo lingine. Mwenye moyo mwepesi na asogee karibu na mwenziwe. Sitalipamba nitakalolisema, kwani pambo ni la harusi, na haya si ya harusi.

Kiti kilikuwa na joto. Hajara alilitambua hilo mara tu alipoketi, naye akadhani ni jua. Lakini gari lile lilikuwa limekaa tangu asubuhi kwenye kivuli cha ghala, nyuma ya uwanja wa Bogere, muuza magari wa Jinja, na viti vya magari mawili aliyokwisha kuyajaribu vilikuwa baridi kama mawe ya mtoni.

Ilikuwa mwaka wa tisini na sita. Mumewe, Yakub, mjukuu wa askari wa Kinubi, alikuwa ametoka kustaafu kazi ya uaskari jela, na kiinua mgongo chake alikitengea haja moja tu. Mimba mbili za Hajara zilikuwa zimeharibika, zote katika safari ya Mbale, ndani ya magari yaliyoruka mashimo kama mbuzi. Ya tatu ilikuwa imetimiza miezi sita. Kila siku Hajara alikwenda kwenye duka lake la vitambaa, na kila mwezi alikwenda Namatala, mjini Mbale, kwa Nabifo, mkunga pekee aliyemwamini. Kwa hiyo Yakub hakutafuta mwendo wala urembo. Alitafuta gari ambalo halitamtikisa mtoto.

“Afande, ile ya kwanza umekataa kwa nini?” Bogere aliuliza. “Injini yake ni simba!”

“Na springi zake ni za mkokoteni. Mimi sinunui simba, bwana. Nataka kitanda chenye magurudumu.”

“Basi pikapu.”

“Kuipanda hiyo pikapu nitahitaji ngazi na wanaume wanne,” Hajara alisema kutoka ndani ya gari la tatu. “Wewe Bogere huna mke?”

“Niko nao wawili, nyabo. Wote wanatembea kwa miguu.”

Wakacheka. Kisha Hajara akajiachia, akaegemea, akafumba macho. Kiti kilishuka chini yake taratibu, kikampokea mgongo pale hasa ulipomuuma, kikamkumbatia mbavuni.

“Yakub,” alisema kwa sauti ya mtu aliye karibu kusinzia, “usitafute tena. Hiki kiti kinanipakata.”

Yakub alitaka kusikia injini. Bogere hakuingia, alimwita mlinzi wake, wakalisukuma gari mpaka kwenye mwanga, Hajara akiwa ndani.

“Mbona unalisukuma?”

“Betri, afande.”

Lakini Yakub alipozungusha ufunguo, injini iliitika mara moja, laini kama paka aliyeshiba. Bogere alitazama chini, akaondoka kwenda kufungua lango.

Hapa sina budi kuwaeleza desturi moja ya magereza. Zamu inapokwisha, askari anayeondoka huupiga mlango wa seli kwa kiganja mara mbili, akataja idadi ya waliomo, akasema, “Nakabidhi.” Anayeingia huhesabu kwa macho yake mwenyewe, ndipo hujibu, “Nimepokea.” Neno hilo likishatoka, waliomo ni wake, na atakayepungua ni juu ya shingo yake. Yakub aliyatamka hayo ujana wake wote hata yakaota mizizi ulimini. Nyumbani alimkabidhi mkewe sufuria ya maziwa kwa maneno hayohayo, ili amchekeshe.

Adhuhuri ile, kwa furaha ya kupata alichokitafuta, alishuka, akazunguka hadi upande wa mkewe, akakipiga kipaa cha gari kwa kiganja mara mbili.

“Roho mbili, salama! Nakabidhi!”

Hajara alicheka, kisha akaacha. Kisogoni pake, karibu kiasi cha kuhisi pumzi, sauti nzito ya mwanamke ilikuwa imejibu: “Nimepokea.”

Aligeuka. Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu, na Bogere alikuwa mbali langoni. Hajara alijiambia kwamba wajawazito husikia mengi, naye hakumwambia mumewe.

Gari lilikuwa kama lilivyotarajiwa, tena zaidi. Mashimo ya barabara yalipita chini yake kama mambo ya watu wengine. Maumivu ya mgongo yalimwacha Hajara. Uso wake ulinawiri, na jirani zake wakamtania kwamba ameolewa upya, na bwana harusi ana magurudumu. Baada ya muda alianza kula chakula chake cha mchana garini, nje ya duka. Kisha akawa anakaa humo hata gari likiwa uani, injini imezimwa, macho yamefumba, akiimba chini kwa chini wimbo ambao Yakub hakuujua:

*Lala, ninakupakata,*
*tulia, wacha kuteta,*
*njia yetu yatuvuta,*
*mamako hatakupata.*

“Umeujifunza wapi huo?” Yakub alimuuliza siku moja.

“Upi?” Hajara akasema, na kwa hakika hakujua kwamba alikuwa akiimba.

Ndipo ilipoanza harufu. Ilikuwa harufu ya maziwa ya mama yaliyochacha juu ya nguo, na ndani yake harufu ya udongo uliochimbuliwa ungali mbichi. Yakub alifua vitambaa vya viti, akafukiza ubani, akaacha milango wazi juani. Harufu ilirudi kila Hajara alipoketi.

Jambo jingine Hajara alilificha mpaka lilipomzidi. Mtoto, ambaye zamani alirusha mateke hata kanga ikatikisika, alikuwa akitulia kila wanapoingia garini. Mwanzoni aliamka mara tu waliposhuka. Baadaye alichelewa kuamka. Alfajiri ya safari yao ya mwisho kwenda Mbale, Hajara alisimama mlangoni, mkono tumboni.

“Hajacheza tangu jana,” alinong’ona.

“Basi twende upesi kwa Nabifo. Ingia.”

Hajara aliliona lile gari, naye, ingawa hofu ilikuwa imemjaa, miguu yake ilikwenda kama ya mtu aliyeitwa na mamaye.

Walipita Iganga kukiwa kumekucha, wakashika barabara ya Tirinyi, na walipofika kwenye kinamasi cha Mpologoma, mahali ambapo mafunjo husimama pande zote mbili na kuficha maji, Yakub aligundua kwamba hasikii tena sauti ya magurudumu, wala ya upepo, wala ya ndege, ijapokuwa mshale wa mwendo ulikuwa umesimama mahali pa kasi, na mafunjo yalikuwa yakipita dirishani. Akageuka kumtazama mkewe, akaona mwanga wa asubuhi umeingia kwa dirisha la upande wake na kupita nyuma ya mgongo wake, kati ya mgongo na kiti, upenyo wa upana wa kiganja kizima, naye Hajara ameegemea, ameegemea kweli, kichwa kimelala, mabega yamelegea, ameegemea pasipo na kitu. Na juu ya tumbo lake kanga ilikuwa imebonyea vidole vitano, virefu, vikishuka na kupanda taratibu kama vya mlezi anayembembeleza mtoto ili asiamke.

“Hajara,” aliita, na sauti yake mwenyewe ilimfikia kama inatoka chini ya maji.

“Usipige kelele,” Hajara alinong’ona bila kufumbua macho. “Amelala.”

“Nani amelala?”

“Mtoto. Amemlaza.”

“Nani amemlaza?”

Yakub hakusimama tena mpaka Namatala, huku akisoma aya alizozikumbuka, na alizozisahau akizirudia mwanzo.

Nabifo alikuwa mwanamke wa Kigisu mwenye mikono mipana na maneno machache. Alimlaza Hajara kitandani, akaweka kipembe chake cha mti juu ya tumbo, akasikiliza. Akakihamisha, akasikiliza tena, muda mrefu.

“Yupo,” alisema mwishowe. “Lakini yuko mbali. Kama mtu anayebisha hodi nyumba ya tatu.” Akamtazama Yakub. “Mimi najua kupokea watoto. Hili si la kupokea. Mwite Mama Madinah.”

Madinah, mama mdogo wa Hajara, alikuwa mganga wa majini, na Wanubi wa Mbale walimwogopa wakimhitaji. Alikuja na chetezo chake. Hakumgusa Hajara kwanza. Alilizunguka gari lililokuwa uani, akanusa, akarudi ndani.

“Baba,” alimwambia Yakub, “mlipolinunua, ulisema nini?”

Yakub alisimulia, akitazama vidole vya miguu yake.

“Nilikuwa natania, mama.”

“Wao hawana utani.” Madinah alikaa chini. “Huyu aliyemo alizikiwa mwanawe mbele ya macho yake. Tangu hapo anatafuta wa kupakata. Lakini si mwizi. Angekuwa mwizi, ningemtoa kwa aya na fimbo, na jioni tungekula ubwabwa. Huyu amekabidhiwa, akapokea. Amana haitolewi mikononi mwa mtu kwa kumpiga.”

“Hajara naye alimsikia akipokea?” Nabifo aliuliza.

Wakageuka wote kuelekea kitandani. Kitanda kilikuwa kitupu.

Walimkuta garini. Milango ilikuwa imefungwa, na vioo vimefunikwa mvuke kwa ndani, ingawa jua lilikuwa utosini. Yakub alivuta mlango, ukagoma kama umeota mizizi.

“Hajara! Toka, mke wangu!”

“Niache kidogo,” Hajara alijibu kwa upole mkubwa. “Hapa siumwi popote. Nenda ukapumzike nawe.”

“Na mtoto?”

“Mtoto haumwi tena.”

Nabifo alifunika uso. Madinah alitupa udi na chumvi ya mawe kwenye makaa, akakipitisha chetezo chini ya milango, mbele na nyuma, akisoma. Gari likaanza kuyumba polepole, kushoto na kulia, kama goti la mlezi. Harufu ya maziwa yaliyochacha ikawa nzito hata kuku wa jirani wakakimbia ua. Madinah alimshika Yakub mkono kwa nguvu.

“Sikiliza. Nitamlazimisha arudishe alichopewa. Atarudisha kwa maneno yaleyale, na ni wewe tu wa kuyapokea. Hesabu kwanza. Umenisikia? Muulize, umwone mkeo, umguse, uhesabu, ndipo useme.”

“Nimesikia.”

“Usiwe na haraka.”

Alisoma tena, sauti ikipanda. Vioo vilinguruma. Gari likatulia ghafla, na kutoka ndani, juu ya kipaa, kiganja kilipiga mara mbili.

Niwaambieni, waungwana, kwamba ulimi una utumwa wake, na mtu hujiona mwungwana mpaka siku bwana wake wa zamani atakapomwita. Miaka yote ya zamu, asubuhi na jioni, ya kusimama wima mbele ya milango iliyofungwa, ilimpanda Yakub uti wa mgongo, visigino vyake vikagongana, kifua kikatoka mbele, na aliposikia ile sauti nzito ya mwanamke ikisema, “Roho tatu, salama. Nakabidhi,” kinywa chake kilijibu kabla moyo wake haujasikia:

“Nimepokea.”

Mlango ulifunguka wenyewe. Hajara alianguka nje mikononi mwake, mzito, akitetemeka, akilia kwa maumivu ya mgongo. Na mle tumboni teke moja likarushwa, kisha la pili, hata Yakub akalihisi kifuani pake. Alipiga magoti mavumbini akashukuru kwa machozi. Nabifo aliweka kipembe, akacheka kwa sauti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya watu. Kiti cha gari kilikuwa kigumu na baridi, hakikumfaa hata mwizi.

Madinah peke yake hakufurahi.

“Alisema ngapi?” aliuliza.

Yakub alikuwa bado akishukuru.

“Yakub. Alisema ngapi?”

“Labda ni pacha,” Yakub alisema, na midomo yake ilikuwa imepauka. “Mama Nabifo, labda ni pacha?”

Nabifo alipapasa tumbo kwa mikono yote miwili, akakihamisha kipembe kulia na kushoto, akapapasa tena. Hakuwa akicheka.

“Mmoja,” alisema.

Hajara hakurudi Jinja. Alijifungua Namatala, mchana, mvua ikishuka kutoka mlima Wanale: mtoto wa kiume, mzima, mwenye uzito. Gari Yakub alikwisha kulichoma moto mwenyewe, naye alidhani kwamba amemaliza. Mtoto hakulia alipozaliwa. Hakulia siku ya kunyolewa nywele, wala alipotahiriwa, bali aligeuza uso pembeni, kama anayejificha kifuani mwa mtu, akatulia. Hajara alipomchukua, alijinyoosha kumkimbia. Alipolazwa peke yake, alitabasamu.

Mkunga aliyekwenda kumtazama baada ya arobaini alimkuta amelala mkekani, chumba kitupu, mamaye akilia nje. Aliona kwamba kichwa cha mtoto hakikugusa mkeka. Kilikuwa juu, kimeinuka kiasi cha unene wa paja, shingo imelegea kwa raha, na nywele zake changa zikilala na kusimama, zikilala na kusimama, chini ya mkono usioonekana. Akachukua mto mdogo, ausukume pale penye upenyo, amtegemeze mtoto kwa kitu cha dunia hii. Mto haukupita.

Aliyenisimulia haya mara ya kwanza ni huyo aliyeushika mto, Nabifo wa Namatala.