Siku Mama Alipopanda Mizani

Kila asubuhi Kidoti alikunywa chai huku akimsikiliza mama yake akimbembeleza babu avae shati. Babu, baba mzazi wa mama, alikuwa na ule ugonjwa wa kusahau unaowapata baadhi ya wazee. Mama alifunga vifungo, babu akavifungua. Mama akavifunga tena, taratibu, kama anayeanza upya. Chai yake mwenyewe ilipoa mezani mpaka ikaota utando.

"Leo utawahi kurudi ukae na babu yako, nipate kulala kidogo?" mama aliuliza.

"Leo tuna mazoezi ya kwaya, mama."

"Haya, mwanangu. Nenda, usichelewe."

Kwaya ilikuwa imevunjika tangu mwalimu wake alipohamishwa. Kidoti alikuwa akipitia kwa rafiki zake kuruka kamba. Hakuona ubaya wowote, kwa sababu mama yake alikuwa hodari na kila aliyemjulia hali alijibiwa, "Hatujambo kabisa." Hata mjomba, kaka yake mama, alipopita na mfuko wa machungwa akamkuta mzee ameoga na kunyolewa, alisema, "Dada, mzee anang'aa kuliko mimi," kisha akaenda zake.

Jumamosi moja Kidoti aliambiwa amshike babu mkono kwenda zahanati. Njiani aliona sketi ya mama imekunjwa kiunoni na kubanwa kwa pini.

"Zipu imekatika, mama?"

"Ah, mambo ya sketi kuukuu."

Muuguzi, mwanamke mnene mcheshi, alimpokea babu kwa mikono miwili. "Karibu, mzee wangu. Panda mizani nikupime."

Babu akasimama wima. Zamani alikuwa karani wa mizani kwenye ghala la nafaka, na ingawa mengi yalikuwa yamemtoka kichwani, kazi ile haikumtoka. "Sipandi. Mizani haijajaribiwa. Leteni kitu kinachojulikana uzito wake."

"Mzee, hapa hatuuzi mahindi," mtu mmoja alisema kutoka kwenye benchi.

"Ndiyo maana mnapunjwa," babu akamjibu, na foleni nzima ikacheka.

"Mama, hebu panda wewe ili aridhike," muuguzi alisema. "Una kilo ngapi?"

"Sitini na nane. Nilipimwa hapahapa mwaka jana."

Mama akavua viatu, akapanda. Mshale ukapanda, ukatetemeka, ukasimama kwenye hamsini na moja.

"Mizani mbovu," babu alisema kwa furaha.

Muuguzi naye alidhani hivyo. Akapanda mwenyewe, maana alikuwa amejipima asubuhi ileile. Mshale ukaenda palepale ulipokuwa asubuhi. Akashuka, akapanda tena. Kwenye benchi hakuna aliyecheka sasa.

Babu aliinama akausoma mshale, akatikisa kichwa. "Mizani ni nzima. Aliyepungua ni huyu mama." Hakukumbuka kwamba huyo ni binti yake. Alimtazama kwa huruma, kama mtu aliyekutana naye njiani. "Mama, nani anakula chakula chako?"

Kidoti alimtazama mama yake. Aliiona mifupa ya shingo ya mama, na blauzi iliyompwaya mikononi. Walikuwa wakiishi nyumba moja na kula meza moja. Aliwezaje kutoona?

Muuguzi akawaingiza chumbani, akafunga mlango. "Mgonjwa wangu wa leo ni wewe," alimwambia mama. "Yapo maswali tunayowauliza wanaouguza watu wenye ugonjwa huu, tujue mzigo umefikia wapi. Mwezi uliopita ulinijibu kila kitu ni sawa. Tuanze upya. Usiku unalala?"

"Nalala."

"Huamshwi?"

"Kidogo tu."

"Unapata nafasi ya kula ukiwa umekaa?"

"Si haba."

"Kuna wakati unatamani uondoke, uende popote?"

Mama alimtazama babu, aliyekuwa akikunja na kukunjua ncha ya shuka la kitanda.

"Je, yupo wa kukupokea?"

"Huyu angenipokea, ila ana mazoezi ya kwaya."

Kidoti akamgeukia mama yake. "Mama, hakuna kwaya," alisema. "Ilivunjika muhula uliopita. Huwa naenda kucheza. Na usiku halali, dada muuguzi. Babu anazunguka nyumba nzima, mama yuko nyuma yake. Mimi nawasikia, halafu najifunika shuka."

Alingoja kukaripiwa. Badala yake mama akajishika uso kwa viganja viwili, mabega yakaanza kutikisika.

"Ndiyo," alisema. "Natamani kuondoka. Kila siku. Niliona aibu kusema, ni baba yangu."

Maneno hayo yalimshtua Kidoti kuliko ule mshale. Hakujua kwamba mama yake naye huficha.

"Sasa nimepata majibu," muuguzi alisema kwa upole, akaomba namba ya simu ya mjomba.

Mjomba alifika akihema. Alipoambiwa uzito wa dada yake aliuliza, "Umesema ngapi?" Akaambiwa tena. "Na mimi naleta machungwa," alisema, akakaa chini.

Tangu siku hiyo babu alilala kwa mjomba kila mwisho wa wiki. Alasiri zilikuwa za Kidoti, na hazikuwa rahisi. Babu alifungua vifungo, akamwita kwa majina ya watu asiowajua, akataka kwenda ghalani. Siku moja Kidoti alimpa kapu la viazi avipange kwa uzito. Babu alivipima mkononi kimojakimoja, akatulia mpaka jioni, huku mama amelala chumbani.

Waliporudi zahanati, muuguzi alimpandisha mama kwenye mizani kwanza, kisha akamgeukia Kidoti.

"Tulikuwa tunampima anayebebwa, tukamsahau anayembeba," alisema. "Mizani inaweza kunionyesha uzito wa mtu. Uzito wa mzigo wake siwezi kuujua mpaka mtu aseme kweli. Wewe ulisema kwanza, japo iliuma, ndipo mama yako naye akapata nguvu ya kusema. Usiache."

"Sitaacha," Kidoti alijibu.

Babu alikuwa ameinama, akiusoma mshale.

"Umepanda," alisema. "Kidogo, lakini umepanda. Endelea kula, mama."