Kadi ya Mzee Oduor

Kila mwisho wa mwezi, baada ya mkate wa mwisho kutoka kwenye tanuri, wafanyakazi wa mama walipanga foleni kungoja mshahara. Kiwanda chetu kidogo cha mikate kilikuwa karibu na soko la Kibuye, mjini Kisumu. Mama alikuwa mjane na hakusoma zaidi ya darasa la pili, kwa hiyo karani wake nilikuwa mimi, Seline, msichana wa darasa la saba mwenye maringo mengi.

Kwa kila mshahara wa shilingi mia, nilikata shilingi tano. Mama alisema hizo ni za uzeeni, akazitia katika kopo la siagi. Hakuna aliyelalamika. Mfanyakazi akifiwa, mama alifungua kopo hilo, akanunua jeneza na kukodi gari la kupeleka maiti nyumbani. Kaka yake Mzee Oduor alipofariki, pesa za kopo ndizo zilizomfikisha Bondo. Watu walimsifu mama kwamba hana mkono wa birika.

Mzee Oduor ndiye aliyechoma mikate yetu tangu baba alipokuwa hai. Mwezi wa Agosti mwaka wa 1973 alitimiza miaka sitini. Alitaka kurudi Bondo na kujenga nyumba ya mabati, kwa maana ile ya nyasi ilikuwa ikivuja. Rafiki yake wa kazi ya reli alikuwa amelipwa na Hazina ya Uzeeni ya serikali baada ya kuonyesha kadi yenye stempu, basi naye akamwomba mama kadi yake. Mama akamwambia kwamba hapa hakuna mambo ya kadi, kuna kopo tu. Kesho yake mzee alikwenda ofisi ya Hazina kuuliza, akarudi na mkaguzi aliyeitwa Bwana Shitanda.

Mama hakuogopa. Alimletea mkaguzi kiti na chai, kisha akaliweka kopo mezani na kulimimina. Ndani mlikuwa na shilingi kumi na nane, kwa sababu mwezi uliopita tulikuwa na matanga mawili.

Mzee Oduor aliketi juu ya gunia la unga.

"Miaka mitatu na nusu nimekatwa," alisema. "Kwa hivyo sina kitu?"

Mkaguzi alimuuliza mama kama alipata barua alipoandikishwa mwaka wa 1970. Mama akajibu kwamba aliipata, na mtoto wake alimsomea vizuri kabisa. Bwana Shitanda akafungua faili, akatoa nakala ya barua ile. Ilikuwa na kurasa mbili. Alitusomea ukurasa wa pili kwa Kiswahili, polepole: mwajiri ataongeza kiasi kilekile kutoka mfukoni mwake, atanunua stempu za pesa zote, na kuzibandika kwenye kadi ya kila mfanyakazi kila mwezi. Pesa hizo hazitatumiwa kwa jambo jingine lolote.

"Kumbe na mimi nilipaswa kutoa?" mama aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

Ukurasa ule niliujua. Nilikuwa darasa la nne siku ilipofika barua, na mama alikuwa amemwita jirani yetu Dorca aje asikie jinsi binti yake anavyosoma Kiingereza. Ukurasa wa kwanza niliumudu. Wa pili ulijaa maneno ambayo sikuwahi kuyaona. Niliona aibu, nikaikunja barua na kusema, "Imeishia hapo."

Sasa kalamu ya Bwana Shitanda ilikuwa ikiandika kwamba mwajiri alificha makato ya wafanyakazi kwa makusudi. Alisema kesi hiyo itafika kortini. Hakuna mtu mwingine aliyejua siri yangu. Ningenyamaza, lawama yote ingebaki kwa mama.

"Hakuficha," nilisema. "Mimi ndiye niliyemwambia barua imeisha. Ukurasa wa pili ulinishinda, nikanyamaza."

Mama alinitazama kama mtoto asiyemjua. Afadhali angenichapa.

Bwana Shitanda alilikata neno "makusudi", lakini deni hakulikata. Alimweleza mama kwamba sheria inamtaka alipe sehemu zote mbili, yake na ya wafanyakazi, pamoja na faini ya kuchelewa, wala asiwakate tena hata senti. Mama aliuza ng'ombe wawili na mashine mpya ya kukandia unga. Wafanyakazi walirudia kukanda kwa mikono, na nilipotoka shule nami nilikanda mpaka mabega yakaniuma.

Mwezi wa Desemba Mzee Oduor alipokea kadi yake ikiwa imejaa stempu. Alipokuja kutuaga, nilimwomba msamaha huku nikilia.

"Kutojua Kiingereza si kosa, nyathina," alisema, akiniita mwanawe kwa Kijaluo. "Hata mimi sikijui. Lakini mtu akikuamini umsomee, na mahali fulani pakakushinda, mwambie palepale. Aibu ya siku moja ingekwisha jioni. Hii yako ilikaa miaka mitatu, karibu initoe kazini mikono mitupu."

"Si yeye peke yake," mama alisema. "Aliyeagiza mshahara ukatwe ni mimi. Nilidhani nikitumia pesa za watu kwa wema, si vibaya. Pesa ya mtu ikishakatwa si ya mwajiri hata siku moja, hata kama ni ya kuzika. Na mwenye kiwanda hawezi kumwachia mtoto sheria zake."

Jumatatu iliyofuata mama alijiandikisha katika darasa la ngumbaru, la watu wazima. Alirudi na daftari lake, akaniambia nisimsaidie mpaka atakaposema mwenyewe kwamba ameshindwa. Hazikupita dakika tano, akasema.